Namba zikikataa: kupima spidi na tanki la anaerobiki kwa wakimbiaji wa mbio ndefu

Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa muda mmoja, 2:09:48 wote wawili, ikabidi picha ndio iamue, Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Kilomita 42 zote zile alafu dhahabu inapatikana kwa kifua. Tangu siku hiyo huku Arusha kila kocha ninayekutana naye anataka kupima spidi ya vijana wake na mi nafurahi sana, ni jambo lililochelewa, ila kuna kitu kinaniuma: namba zinapimwa ovyo, alafu kijana wa miaka 18 anaambiwa wewe huna spidi nenda kakimbie barabarani, na neno la kocha mtoto analibeba miaka mingi. Nimekaa na stopwochi pembeni ya uwanja muda mrefu na makosa mengi ya hapa chini nimeyafanya mwenyewe, kwahiyo naandika matatizo yanayojirudia pamoja na vyanzo vyake, ukiona la kwako anzia hapo.

Kabla ya yote tuelewane maneno, maana ugomvi mwingi unatokana na watu kuita kila kitu "spidi". Kuna spidi ya juu kabisa, ile anayokuwa nayo mtu akiwa ameshachanganya kama gari, tunaipima kwa mita 30. Kuna tanki, yaani uwezo wa anaerobiki, ile kazi ya ziada mwili unayoweza kufanya pale oksijeni peke yake haitoshi tena, nalo lina mwisho wake, likiisha umeisha. Na kuna spidi ya mpaka, ukiwa chini yake unaenda muda mrefu tu, ukiizidi hata kidogo tanki linaanza kuvuja. Mtu anaweza kuwa na spidi ya juu kali na tanki dogo, au kinyume chake, na mazoezi ya kukuza kimoja sio ya kukuza kingine.

Leo 3.4, keshokutwa 3.8, wiki ijayo 3.5

Kijana ni yule yule, mita 30 ni zile zile. Hapa usimguse kijana, angalia kidole chako. Stopwochi ya mkono unabonyeza mara mbili na mara zote mbili kidole kinawahi au kinachelewa. Kwenye mita 5000 haina neno, sekunde 0.2 ndani ya dakika kumi na nne nani atajali, ila ndani ya sekunde 3.6 hiyo ni karibu asilimia 6. Mtu wa 3.6 anakwenda mita 8.3 kwa sekunde, ukimkosea 0.2 huku anakuwa mtu wa 8.8, ukimkosea huku anakuwa wa 7.9, karibu mita moja nzima kwa sekunde na yote imetengenezwa na dole gumba.

Dawa yake ni simu. Simu nyingi za saa hizi zinarekodi fremu 60 kwa sekunde na zingine 120 au 240, hata hiyo 60 peke yake inakupa kosa la kama sekunde 0.02 tu. Pima mita 30 kwenye sehemu iliyonyooka, mpe kijana mita 40 za kuchanganya kabla ya alama ya kwanza, simu iweke usawa wa katikati ya zile 30, umbali wa mita 25 kutoka kwenye mstari anaopita, na iwe kwenye stendi au juu ya tofali, usiishike mkononi. Alafu video unaipeleka fremu kwa fremu, unaangalia nyonga inapopita kijiti, sio mkono wala kichwa.

Sasa kuna kitu hapa wengi hawakioni. Vijiti huwa tunavichomeka mita moja ndani, upande wa kamera, ili kijana asivikanyage, na tunaviachanisha mita 30 kamili kwa tepu, tunaridhika. Lakini jicho la kamera linapita kwenye kijiti kwa mshazari na linamkuta kijana mbele zaidi kule nje, kwahiyo unachopima sio mita 30, ni 31 na robo. Mtu wa 3.60 unamwandikia 3.75 na tepu yako iko sahihi kabisa! Kwa vipimo hivyo nilivyotaja, kila kijiti kisogeze sentimita 60 kuelekea katikati, viachane mita 28.8, hapo nyonga ikikutana na kijiti kwenye video kijana atakuwa kweli yuko kwenye alama yake. Kama hesabu inakuchosha basi weka koni kwenye mstari wenyewe anaokimbilia, moja kila upande wa njia, apite katikati.

Na saa ya GPS kwa kazi hii iache nyumbani. Inachukua vipimo kama mara moja kwa sekunde alafu inavilainisha, mbio zenyewe zimeisha kabla ya sekunde nne.

Video iko sawa, vijiti viko sawa, na kijana bado ni mzito

Uliza alipimwa saa ngapi na jana alifanya nini. Tuliwahi kumpima kijana mmoja wa mita 5000 saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, ile baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua, siku moja baada ya kukimbia mbio ndefu ya Jumapili, akiwa na viatu vya mazoezi vya sole nene, kwa stopwochi, akatoka 3.9. Ikaandikwa. Wiki tatu baadaye tukampima tena saa kumi jioni, amepumzika siku mbili, amepasha misuli nusu saa na mikimbio mitano ya kuongeza mwendo pole pole, amevaa spaiki, tumetumia simu, akatoka 3.57. Sehemu ya hiyo tofauti ni kidole na sehemu ni mwili, siwezi kuzigawa, ila yule wa 3.9 tulikuwa tumeshaanza kumjadili kama mtu wa barabarani, na nikikumbuka hivyo nasikia vibaya mpaka leo.

Msuli wa baridi hauwezi spidi ya juu, ni hivyo tu, na jioni mwili unakuwa na joto zaidi. Mkimbiaji wa mbio ndefu ana tatizo lingine juu yake, hajawahi kufundishwa kukimbia kwa kasi yote, mpe majaribio manne au matano na mapumziko ya dakika nne tano katikati, chukua lililo bora. Mara ya kwanza anakuwa anatafuta miguu iko wapi. Na tafadhali usimtoe mtu kwenye mwezi mzima wa kilomita tupu ukamwambia leo kimbia yote, msuli wa nyuma ya paja utakatika mbele yako, mtangulize wiki mbili tatu za mikimbio mifupi kwanza.

Tanki linapanda na kushuka kama bei ya nyanya

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote. Maabara tanki wanalipima kwa tredmili na barakoa ya kukusanya pumzi, wanaangalia upungufu wa oksijeni, njia ambayo Medbø na wenzake wa Norway waliitoa mwaka 1988, nzuri lakini sisi hatuna. Uwanjani tunatumia mizunguko 3 na mizunguko 9, yaani mita 1200 na mita 3600, kila moja kwa nguvu zote, mi naziweka siku tofauti, wengine wanazifanya siku moja na mapumziko ya nusu saa.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme kijana kakimbia 1200 kwa 3:20 na 3600 kwa 11:00. Tofauti ya umbali ni mita 2400, tofauti ya muda ni sekunde 460, gawanya, unapata mita 5.22 kwa sekunde, hiyo ndiyo spidi ya mpaka, kama 3:12 kwa kilomita. Sasa zile sekunde 200 za mbio ya kwanza zizidishe kwa hiyo spidi, unapata mita 1043. Lakini alikimbia 1200. Zile mita 157 zilizozidi ndizo tanki lake. (Usikate desimali mapema, ukikata tanki linahama mita kadhaa.)

Angalia sasa lilivyo jepesi kuharibika. Kijana huyo huyo kwenye 1200 akijibana kidogo tu akatoa 3:24, spidi ya mpaka inabadilika chini ya asilimia moja, huwezi hata kuiona, ila tanki linaanguka kutoka 157 mpaka 126, karibu moja ya tano imepotea kwa sekunde nne! Kocha anaangalia daftari anasema mazoezi yamemuua kijana. Hajafa, alijibana. Geuza upande wa pili: 1200 kakimbia vizuri 3:20, ila kwenye 3600 alikuwa na mafua au alikimbia peke yake na upepo, akatoa 11:10 badala ya 11:00. Tanki linapanda mpaka 179. Yaani kijana kakimbia vibaya na tanki "limekua", na nimeshaona watu wakilishangilia tanki la namna hiyo.

Kwahiyo tanki likiruka usiliamini mpaka uangalie mbio mbili zilizolizaa. Njia rahisi ya kukagua ni kuongeza ya tatu, mizunguko 6. Kwa kijana wetu wa mfano 2400 inatakiwa itoke karibu na 7:10. Ikitoka 7:11 mko salama, ikitoka 7:20 basi kati ya hizo tatu kuna moja ambayo sio ya kweli, rudia, usianze kupanga mazoezi juu yake.

Kujibana ndio chanzo namba moja na simlaumu mtu, mkimbiaji wa mbio ndefu maisha yake yote kafundishwa kutunza. Ukitaka kumjua chukua muda kila mita 200. Akimaliza 200 ya mwisho ya 1200 kwa kasi kuliko zote alizotangulia, alikuwa na kitu mfukoni. Mtu aliyetoa vyote anapungua mwishoni, hata David Rudisha wa Kenya London 2012 kwenye rekodi yake ya mita 800 ya 1:40.91 mzunguko wa kwanza ulikuwa 49.28 na wa pili 51 na nusu na zaidi. Dawa ni kumpa mtu wa kumfukuza, kumfanyisha jaribio moja la kujifunza ambalo huliandiki, na kutompigia kelele za muda kila mzunguko, maana ukimsomea muda anaanza kupiga hesabu badala ya kukimbia.

Chanzo kingine ni uwanja wenyewe. Viwanja vyetu vingi vya vumbi vimechorwa kwa macho. Chukua tepu, pima sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa ndani, mzunguko mzima. Ukiwa mita 405 badala ya 400 tanki halitabadilika kwa maana, mita mbili hivi, ila spidi ya mpaka unamwandikia ndogo kuliko ilivyo, kama sekunde mbili na nusu kwa kila kilomita, na mazoezi yote utakayompa yatakuwa mepesi. Pia hakikisha kabaki leni ya kwanza, leni ya pili inaongeza kama mita 7.7 kila mzunguko, kwenye mizunguko 9 hiyo ni karibu mita 70.

Spidi anayo, tanki analo, mzunguko wa mwisho anaachwa kama amesimama

Kocha anakuja na kijana ana 3.5 kwenye mita 30, hakuna wa kumgusa kambini, lakini kwenye 5000 kengele ikilia anaachwa na watu anaowashinda mazoezini. Kila mtu anasema aongezewe spidi, na wanamwongezea, na msimu unaofuata anaachwa tena.

Rudi kwa kijana wetu wa mfano, mpaka wake 3:12 na tanki mita 157. Kundi linakwenda 3:05 kwa kilomita. Hiyo ni mita 5.41 kwa sekunde, kamzidi mpaka wake kwa 0.19 hivi, kila sekunde inayopita tanki linavuja sentimita 19. Gawanya 157 kwa hiyo, tanki linaisha baada ya sekunde 830 na kitu, na kwa mwendo ule ni mita ya 4,500. Yaani linaisha zikiwa zimebaki mita 500. Kengele inalia mita 400 kabla ya mwisho, yeye ameshakauka mita 100 kabla ya kengele. Hiyo spidi yake ya 3.5 ipo kweli, hamna wa kuibisha, ila hakuna kilichobaki cha kuisukuma.

Sasa usimguse spidi wala tanki, mpandishe mpaka tu, kutoka 3:12 mpaka 3:07 kwa kilomita. Kundi lile lile, 3:05 ile ile. Akifika kengele katumia mita 49 tu za tanki, ana 108 hivi mkononi. Huyo ndiye anayewatoka watu. Mo Farah kwenye 10,000 ya London 2012 alimaliza mzunguko wa mwisho kwa sekunde 53 na ushee na watu wakasema spidi ile, ni kweli ana spidi, lakini mbio yenyewe ilikuwa 27:30 na yeye uwezo wake ulikuwa 26:46, alifika kwenye kengele tanki likiwa halijaguswa sana. Hata mita 800, ambayo wengi wanaiona ni ya anaerobiki tupu, karibu theluthi mbili ya nishati inatoka kwenye oksijeni, na 1500 ni zaidi ya robo tatu.

Kwahiyo dalili hii dawa yake ni intavali ndefu na mwendo wa karibu na mpaka, wiki nane hadi kumi, alafu rudia 3 na 9. Kama mpaka umepanda na bado anaachwa, hapo ndipo tuongee habari ya spidi, na mara nyingi utakuta ni kitu cha kawaida sana, hajawahi kufanya mazoezi ya kukimbia kwa kasi akiwa amechoka, anafika kengele mabega yako masikioni.

Kaanguka chini anahema lakini kipimo kinasema lakteti ndogo

Kwa wale wenye kile kimashine kinachofanana na cha kupima sukari. Jambo la kwanza ni muda. Lakteti, ile inayobaki msuli ukichoma wanga kwa haraka, inatengenezwa kwenye msuli na inachukua dakika kadhaa kutoka kuja kwenye damu, ukimchoma sekunde thelathini baada ya mstari unakuta bado iko njiani. Chukua dakika ya 3, ya 5, ya 7, na kama bado inapanda ya 9, namba kubwa kuliko zote ndiyo yake. La pili ni jasho, jasho lenyewe lina lakteti nyingi na likichanganyika na tone la damu namba inaruka juu ajabu, kwahiyo futa ndewe ya sikio au kidole kwa spiriti, kausha, tone la kwanza futa, pima la pili. Stripu zilizokaa juani kwenye begi zinadanganya pia.

Kama yote hayo yako sawa na bado ni ndogo, uliza jana usiku alikula nini. Kijana aliyefanya mazoezi mazito siku tatu na anakula kidogo, wanga kwenye misuli umepungua, malighafi ya kutengeneza lakteti hana. Sio kwamba tanki lake ni dogo, ana njaa. Ugali wa kutosha na siku mbili za mapumziko, pima tena.

Na naomba tusilinganishe watu wawili kwa lakteti, huyu 14 huyu 18 basi wa 18 ana tanki kubwa. Haiendi hivyo, kinachoonekana kwenye damu ni kile kilichotoka kwenye msuli ukiondoa kile ambacho mwili umeshakitumia, na mkimbiaji mzuri wa mbio ndefu anaitumia sana kama mafuta. Linganisha mtu na yeye mwenyewe, mbio ile ile.

Kapimwa vipimo vya watu wa mpira na matokeo hayaeleweki

Mita 35 mara sita na mapumziko ya sekunde kumi, ile wanayoiita RAST. Ni kipimo cha mtu anayekimbia, anasimama, anageuka. Na hesabu yake inagawanya kwa muda mara tatu, muda kwa muda kwa muda, kwahiyo kosa la kidole la sekunde 0.2 kwenye 5.5 linakuwa kosa la asilimia 11 au 12 kwenye nguvu. Ile ya baiskeli ya sekunde 30 nayo, Wingate, inapima mapaja ya mtu kwenye baiskeli. Kwa mkimbiaji wa 5000 mi siangaiki nazo.

Katoka Dar kuja kambini, akiba yake ya spidi imeongezeka wiki ya kwanza

Akiba ya spidi ni tofauti kati ya spidi ya juu kabisa na spidi ya aerobiki, ile ambayo oksijeni inakuwa imefika kilele, wengi tunaikadiria kwa mbio ya dakika sita kwa nguvu zote. Tuseme Dar alikuwa na mita 8.4 kwa sekunde juu na 5.8 chini, akiba 2.6. Anapanda huku juu, anapimwa, 8.4 na 5.5, akiba 2.9. Hajapata kitu kipya. Hewa nyepesi imempunguzia ile ya chini kwa sababu oksijeni ni kidogo, ile ya juu haikuguswa maana sekunde nne hazihitaji oksijeni, na hewa nyepesi hata inapunguza upinzani kidogo. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, Iten kwa jirani zetu wako kama 2,400, kwahiyo namba ya Dar, ya Arusha na ya Iten hazikai kwenye safu moja ya daftari hata kama mguu ni ule ule. Mgeni msubirishe wiki mbili tatu azoee, mpime, hiyo ndiyo inakuwa namba yake ya kuanzia kwa hapa, na akirudi chini anaanzishiwa ukurasa mwingine. Kwenye daftari langu juu kabisa naandika mahali, saa, upepo na nani aliweka simu, jina la kijana linafuata chini yake.